Chuo kimekuondoa kwa udanganyifu wa mtihani: mwongozo kamili wa kuupinga uamuzi, kuanzia chumba cha mtihani hadi Mahakama Kuu

Kijana alikuja ofisini kwangu saa nane mchana akiwa na baba yake. Mzee aliketi, yeye alibaki amesimama karibu na mlango mpaka nilipomvutia kiti. Alikuwa mwaka wa tatu, amebakiza muhula mmoja. Barua ya chuo aliitoa kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika. Niliifungua na macho yangu yakaenda kwenye tarehe kabla ya kitu kingine chochote. Ilikuwa imepita miezi saba.

Nikamuuliza alikuwa wapi muda wote huo. Akasema alikuwa anasubiri chuo kijibu rufaa yake, na kila alipouliza aliambiwa arudi wiki ijayo. Hoja alikuwa nazo, tena nzuri: alipigiwa simu asubuhi, akahojiwa mchana uleule, na ripoti ya msimamizi hajawahi kuiona hadi leo. Lakini sheria ilimpa miezi sita, na miezi sita ilikuwa imekwisha. Nilimweleza hivyo mbele ya baba yake. Ni moja ya siku ngumu nilizopata katika kazi hii.

Nimeandika mwongozo huu ili mwingine asifike kwangu akiwa amechelewa hivyo. Unahusu hasa Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama na sheria zake, na kwa wasomaji wa Kenya kuna sehemu yao huko chini. Kama unasoma ukiwa na barua mkononi, andika sasa hivi mahali pa wazi siku uliyoipokea na tarehe iliyoandikwa juu yake, kisha endelea kusoma.

Mahakama itaulizwa nini

Wanafunzi wengi huja wakitaka jaji aseme kwamba hawakuibia. Jaji hafanyi kazi hiyo. Njia inayotumika kupinga uamuzi wa chuo inaitwa mapitio ya mahakama, na ndani yake Mahakama Kuu haisahihishi mtihani wala haikai upya kama kamati ya nidhamu. Inaangalia jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Je, chombo kilichokuadhibu kilikuwa na mamlaka hayo? Kilifuata kanuni zake chenyewe? Ulijulishwa tuhuma, ukapewa nafasi ya kweli ya kujibu, mbele ya watu wasio na upande? Na je, uamuzi wenyewe ni ule ambao chombo chenye busara kingeweza kuufikia kwa ushahidi uliokuwepo?

Msingi wake umo kwenye Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(a). Ibara hiyo inampa kila mtu haki ya “kupewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu” pale haki na wajibu wake unapoamuliwa na mahakama “au chombo kinginecho kinachohusika”. Kamati ya mitihani ya chuo ni chombo kinginecho. Seneti, chombo cha juu cha taaluma cha chuo, nayo ni hivyohivyo. Katika kesi ya Mbeya-Rukwa Autoparts ya mwaka 2003, Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba kwetu haki ya kusikilizwa ni haki ya kikatiba, si kanuni tu iliyorithiwa kutoka sheria za Kiingereza. Na katika Maombi ya Madai Na. 33 ya 2002 mahakama hiyohiyo ilieleza kwamba uamuzi uliofikiwa bila kumsikiliza mhusika utabatilishwa hata kama angesikilizwa na matokeo yakawa yaleyale.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Maana yake ni kwamba hata mwanafunzi aliyekutwa na nondo (karatasi ya majibu) mfukoni ana haki ya kusikilizwa, na chuo kikiiruka haki hiyo uamuzi wake unaweza kuanguka. Wapo wahadhiri wanaokasirika wakisikia hivyo. Mimi naamini ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu utaratibu unaomlinda mwenye hatia ndio huohuo unaomlinda binti aliyetupiwa karatasi chini ya kiti na mtu wa nyuma yake.

Hata hivyo, mahakama haziingilii mambo ya vyuo kwa pupa. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilieleza msimamo huu vizuri mwaka 1990 katika shauri la wanafunzi dhidi ya chuo cha Egerton: mahakama husita kuingilia maamuzi ya vyombo vya ndani vya chuo, lakini haitasita pale inapokuwa dhahiri kwamba mhusika hakusikilizwa kwa haki. Kwa hiyo kazi yako yote, kuanzia dakika ile msimamizi anaposimama mezani kwako, ni kuwa na kumbukumbu ya jinsi ulivyotendewa.

Hatua ya kwanza: chumba cha mtihani

Usikimbie. Usimeze karatasi, usiichane, usibishane kwa sauti. Kwenye kanuni za vyuo vingi, kukataa kutoa kitu ulichokutwa nacho au kuleta fujo ni kosa jingine linalojitegemea, na mara nyingi ni rahisi zaidi kulithibitisha kuliko lile la kwanza.

Utapewa fomu ya tukio ujaze na kusaini. Hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Mwanafunzi anatetemeka, saa ya mtihani inakwenda, msimamizi anamwambia “andika tu uendelee na mtihani”, naye anaandika: “Nimekutwa na karatasi, naomba msamaha.” Alichokusudia ni adabu tu. Kwenye kikao sentensi hiyo itasomwa kama kukiri kosa.

Soma fomu yote kabla ya kushika kalamu. Andika kilichotokea kwa maneno machache ya kweli: karatasi ilikuwa wapi, nani aliiona, saa ngapi. Kama haikuwa yako, andika haikuwa yako. Kama maelezo ya msimamizi si sahihi, andika ni yapi yasiyo sahihi. Na juu ya sahihi yako, si chini yake, weka maneno haya: “Nimesaini kuthibitisha kupokea fomu hii. Sikubaliani na tuhuma.” Ukikatazwa kuandika hivyo, saini kisha liandike tukio hilo mwenyewe mara tu ukitoka nje. Usidanganye kwenye fomu. Uongo mdogo wa siku ya kwanza, kamati ikiugundua, unaua na ukweli wote utakaousema baadaye.

Jambo moja linawashangaza wengi: katika kanuni za vyuo vingi kuwa tu na kitu kisichoruhusiwa ndani ya chumba, iwe simu iliyozimwa au desa (karatasi ya notisi za somo) lililosahaulika kwenye mfuko wa koti, ni kosa tayari, hata kama hukukitazama. Kwa hiyo utetezi wa “sikukisoma” mara nyingi haufuti kosa. Unaweza kupunguza adhabu, na hilo si dogo, lakini usiujenge kama nguzo yako pekee.

Jioni hiyohiyo, kabla hujalala, kaa peke yako na daftari. Andika ulikaa safu ya ngapi, nani kulia, nani kushoto, nani nyuma. Wasimamizi walikuwa wangapi, yupi alikujia, alisema nini kwa maneno yake. Mtihani ulianza saa ngapi na ulisimamishwa saa ngapi. Kama uliruhusiwa kuendelea. Karatasi au simu ilichukuliwa na nani, ikawekwa wapi, ilifungwa kwenye bahasha au iliachwa juu ya meza pamoja na za wengine. Niliwahi kuona kikao ambapo karatasi iliyoletwa kama kielelezo ilikuwa ya somo tofauti kabisa na mtihani uliofanyika siku hiyo. Mwanafunzi aliweza kulionyesha hilo kwa sababu alikuwa ameandika, usiku uleule, kwamba karatasi za watu watatu ziliwekwa kwenye faili moja bila jina.

Hatua ya pili: kati ya tukio na kikao

Tafuta kanuni za mitihani za chuo chako, toleo linalotumika mwaka huo wa masomo, na usome sehemu ya udanganyifu mstari kwa mstari. Tafuta majibu ya haya: nani anaruhusiwa kuchunguza, nani anaruhusiwa kuadhibu, adhabu zipi zipo kwa kosa gani, notisi ya siku ngapi inatakiwa, akidi ya kamati ni wajumbe wangapi, rufaa inakwenda wapi na ndani ya siku ngapi. Vyuo vikuu vyetu vinaendeshwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346, pamoja na hati idhini (charter) ya kila chuo. Chini ya hizo kuna kanuni, na kanuni hizo zinakibana chuo kama zinavyokubana wewe. Kanuni ikisema adhabu itolewe na Seneti, barua iliyotolewa na mkuu wa idara peke yake ina kasoro ya mamlaka, na kasoro ya mamlaka ni hoja nzito.

Kisha andika barua, usisubiri kuitwa. Ukiitwa kwa simu, jibu kwa maandishi ili wito huo nao uwe na ushahidi. Unaweza kuandika hivi:

“Leo tarehe ___ saa ___ nimejulishwa kwa simu kwamba natakiwa kufika mbele ya Kamati tarehe ___. Ili niweze kujitetea ipasavyo, naomba nipatiwe kabla ya kikao maelezo ya kosa ninalotuhumiwa na kifungu cha kanuni kinachohusika, nakala ya ripoti ya msimamizi, nakala ya fomu ya tukio niliyoijaza, na nakala au picha ya kitu kinachodaiwa kukutwa kwangu. Naomba pia wasimamizi waliotoa taarifa wawepo ili niweze kuwauliza maswali, na nipewe siku ___ za kujiandaa.”

Peleka nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Wakikataa kugonga mhuri, tuma kwa barua pepe siku hiyohiyo na uhifadhi picha ya skrini inayoonyesha saa. Taarifa zinazokuhusu zilizo mikononi mwa chuo unaweza pia kuziomba chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwa taasisi ya umma ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Lakini barua rahisi iliyogongwa mhuri ndiyo inayofanya kazi kubwa. Chuo kikikupa nyaraka, umeziona. Kikinyamaza, ukimya wake umekuwa ushahidi wako.

Ongea na mshauri wa wanafunzi na viongozi wa serikali ya wanafunzi, uliza kama kanuni zinaruhusu kusindikizwa na mtu. Baadhi ya kanuni humkataza wakili ndani ya kikao. Omba hata hivyo, kwa maandishi, hasa kama unaweza kuondolewa chuo, na eleza kwa nini unahitaji msaada.

Hatua ya tatu: ndani ya kikao

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu ipo kesi ya udanganyifu wa mtihani ambayo kila mwanafunzi anayeitwa kwenye kamati angepaswa kuijua.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, alituhumiwa kwamba alikuwa akikijua kabla ya mtihani kifungu cha Kijerumani kilichowekwa kwenye karatasi ya mwisho ya shahada yake ya sayansi. Aliyemtaja alikuwa mwanafunzi mwenzake. Tume ya uchunguzi ilimhoji shahidi huyo mtuhumiwa akiwa hayupo, kisha ikamwita mtuhumiwa, ikamweleza tuhuma na kumsikiliza. Akazuiwa kufanya mitihani ya chuo kwa muda usio na kikomo. Mahakama ya Juu ya Ceylon ilimpa ushindi. Chuo kikakata rufaa London, kwenye Baraza la Faragha la Uingereza lililokuwa mahakama ya mwisho kwa makoloni ya zamani, na mwaka 1960 Baraza likaupindua ushindi ule. Sababu? Alikuwa amejulishwa tuhuma na amepewa nafasi ya kujibu. Na kuhusu kumhoji shahidi, hakuwahi kuomba. Angeomba akakataliwa, walisema, ingekuwa habari nyingine.

Hakuomba. Miaka ya masomo na kesi iliyofika hadi ng'ambo ya bahari vilikwamia hapo.

Kwa hiyo omba. Mwenyekiti akikukaribisha, sema kwa heshima na kwa sauti inayosikika: “Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba niruhusiwe kumuuliza maswali msimamizi aliyeandika ripoti.” Akisema haiwezekani, sema: “Naomba ombi langu na jibu la Kamati viandikwe kwenye muhtasari wa kikao.” Kama hujapewa nyaraka, sema hivyo mwanzoni kabisa, kabla hujajibu swali lolote, na omba kuahirishwa. Kama msimamizi aliyekukamata, au mhadhiri aliyepeleka malalamiko, amekaa kwenye kiti cha mjumbe, omba kwa adabu ajitoe. Mtu hawezi kuwa mlalamikaji na hakimu wa jambo lilelile. Ukiliona hilo ukanyamaza, baadaye utaambiwa uliridhia.

Swali la kumuuliza msimamizi lisiwe hotuba. Uliza mambo mafupi yanayojibika: Ulikuwa umbali gani? Uliiona karatasi mkononi mwangu au chini? Nani mwingine aliiona? Iliwekwa wapi baada ya kuchukuliwa? Mwandiko huu umelinganishwa na wangu? Majibu yaandike hapohapo.

Na kama kweli uliibia? Sitakushauri useme uongo. Kuna heshima, na kuna faida ya kisheria pia, katika kusema “nimekosa” na kisha kuelekeza nguvu zote kwenye adhabu: kosa la kwanza, hali ya familia, ugonjwa wenye cheti, maendeleo yako ya masomo, wanafunzi wengine waliopewa adhabu nyepesi kwa kosa lilelile. Kanuni nyingi zinatoa ngazi kadhaa, kutoka kufutiwa somo moja hadi kudisko (kuondolewa masomoni) kabisa. Kamati iliyotumia adhabu ya juu bila hata kutazama nyingine, huku kanuni ikiiruhusu kuchagua, imeacha kufanya kazi iliyopewa.

Hatua ya nne: barua ya uamuzi na rufaa ya ndani

Barua ikifika, hifadhi bahasha pamoja na barua. Ikija kwenye akaunti yako ya mwanafunzi au barua pepe, piga picha ya skrini inayoonyesha siku iliyoingia. Vyuo vingine huandika tarehe ya kikao juu ya barua inayomfikia mwanafunzi wiki tatu baadaye, na wiki hizo tatu unazihitaji.

Kama barua haina sababu, iwe na mstari mmoja tu wa “Seneti imeamua uondolewe masomoni”, andika siku hiyohiyo kuomba sababu za uamuzi na muhtasari wa kikao. Kisha kata rufaa ndani ya muda wa kanuni, hata kama hukuamini chombo kinachoisikiliza. Mahakama karibu kila mara itakuuliza kama ulimaliza njia za ndani, na wakili wa chuo atakuwa wa kwanza kulisema kwenye pingamizi la awali. Kwenye rufaa usilie tu. Panga hoja: sikupewa ripoti licha ya barua yangu ya tarehe fulani, nilinyimwa nafasi ya kuhoji, mjumbe fulani alikuwa mlalamikaji, kanuni namba fulani haikufuatwa, adhabu ni kubwa kuliko kanuni inavyoelekeza.

Angalia pia mambo ya pembeni yasikuangukie. Ukiondolewa masomoni bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) husimama, lakini deni la Bodi ya Mikopo hubaki ni deni. Kama una chumba hosteli, uliza kwa maandishi hatima yake wakati rufaa inaendelea.

Hatua ya tano: kalenda

Hapa ndipo yule kijana wa miezi saba alipopotea. Chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 310, na Kanuni zake za mapitio za mwaka 2014, maombi ya kibali cha kuleta mapitio lazima yafunguliwe ndani ya miezi sita tangu uamuzi unaolalamikiwa. Rufaa ya ndani isiyojibiwa haisimamishi saa kwa namna ambayo unaweza kuitegemea. Hesabu miezi sita kutoka tarehe ya mapema zaidi iliyopo, ile ambayo wakili wa chuo angependa kuitumia dhidi yako, na ukifika ndani ya hesabu hiyo huna cha kuhofia kuhusu kikomo cha miezi sita.

Ninavyowashauri wateja ni hivi. Rufaa ya ndani iingie mapema kabisa. Ikipita siku thelathini bila jibu, andika ukumbusho uliogongwa mhuri. Baada ya wiki mbili, mwingine. Mwezi wa tatu ukianza, mwone wakili hata kama chuo kinasema jibu liko njiani. Mwezi wa tano faili liwe limeingia masjala. Barua zako za ukumbusho zitaeleza kwa nini hukusubiri zaidi.

Uingereza, mwaka 1969, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Aston walioondolewa baada ya kufeli mitihani walifika mahakamani wakisema hawakusikilizwa. Mahakama ilikubali kwamba walistahili kusikilizwa. Kisha ikakataa kutoa amri yoyote, kwa sababu walikaa muda mrefu bila kuchukua hatua. Ina maana hata ndani ya muda wa sheria, kuzembea kunaweza kukugharimu, kwani amri hizi jaji hutoa kwa hiari yake akipima mwenendo wa pande zote.

Hatua ya sita: Mahakama Kuu

Mapitio yana milango miwili. Wa kwanza ni kibali. Wakili wako ataandaa samansi ya chemba (ombi linalosikilizwa na jaji chemba), hati ya maelezo inayotaja wewe ni nani, unaomba nini na kwa sababu zipi, pamoja na hati ya kiapo inayothibitisha mambo ya kweli na kuambatisha nyaraka. Kila karatasi uliyogongesha mhuri inaingia hapa. Katika Rufaa ya Madai Na. 79 ya 2012, Mahakama ya Rufani ilitaja mambo ya kutazamwa kwenye hatua hii: je, kuna hoja inayostahili kusikilizwa, maombi yamo ndani ya miezi sita, na mwombaji ana maslahi ya kutosha? Mwanafunzi aliyeondolewa ana maslahi bila ubishi. Muda tumeuzungumza. Hoja ndiyo uliyokuwa ukiijenga tangu jioni ile ya daftari.

Kwenye hatua hiyohiyo unaweza kumwomba jaji aelekeze kwamba kibali kisimamishe utekelezaji wa uamuzi, ili ufanye mitihani ya muhula wakati shauri linaendelea. Liombe mapema. Uamuzi ukishatekelezwa na wenzako wakavaa majoho, hakuna kilichobaki cha kusimamisha.

Kibali kikitolewa, una siku 14 za kufungua maombi yenyewe. Siku kumi na nne tu, na zimewakwamisha hata mawakili wazoefu. Chuo kikiwa cha umma, Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa kwenye shauri, na utakutana na Mawakili wa Serikali upande wa pili. Usiogope hilo; ni utaratibu wa kawaida.

Unachoomba ni amri ya kutengua uamuzi, na mara nyingi pamoja nayo amri ya kukilazimisha chuo kukurejesha, kukusikiliza upya au kutoa matokeo yaliyozuiwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, hivyo mzazi wako akija kusikiliza ataelewa kinachosemwa. Mwambie aje.

Kama chuo chako ni binafsi, tarajia hoja kwamba mapitio ni kwa vyombo vya umma. Jibu lake hutegemea mamlaka gani yalitumika na hati idhini inasemaje, na wakili wako anaweza kuona ni salama zaidi kufungua madai ya kawaida ya kuvunja mkataba, kwa kuwa kanuni za chuo ni sehemu ya makubaliano uliyolipia ada. Kwa taasisi ya umma, madai ya kawaida yanadai kwanza notisi ya siku 90 chini ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Siku hizo hula kalenda yako.

Ukishinda, utapata nini hasa? Mara nyingi shauri hurudi chuoni likasikilizwe upya kwa haki, na kamati inaweza kukukuta na kosa tena, safari hii kwa utaratibu. Mwambie ukweli huo mzazi kabla hajauza kiwanja. Kwa anayejua hakufanya kosa, kusikilizwa upya ndiko alikokuwa akikutafuta. Kwa aliyefanya, faida iko kwenye adhabu inayolingana na kosa. Yapo pia mashauri ambayo chuo, kikishaona nyaraka zimepangwa, hukaa mezani na kukubali kusimamishwa mwaka mmoja badala ya kuondolewa moja kwa moja. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja na sikuyaona kama kushindwa.

Kwa wasomaji wa Kenya

Ninyi mna zana kali zaidi. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inatoa haki ya hatua za kiutawala zilizo za haki na zenye sababu za maandishi, na Sheria ya mwaka 2015 inayotekeleza ibara hiyo inataja kwa majina, kwenye kifungu cha 4, mambo mnayostahili: notisi ya kutosha, kusikilizwa, nyenzo na ushahidi utakaotumika, kuwahoji mashahidi, kuomba kuahirishwa. Mkiitwa kwenye kamati kwa ajili ya mwakenya, chapisheni kifungu hicho mkaende nacho. Kifungu cha 9 kinataka mmalize njia za ndani kwanza, ila mahakama inaweza kuwaondolea sharti hilo kwa sababu za kipekee mkiomba. Kwa amri ya kutengua kupitia Agizo la 53 la kanuni za madai, miezi sita ni ileile.

Pesa na msaada

Si kila familia ina ada ya wakili, na hapo ndipo watu hukata tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada waliosajiliwa. Anza na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Mawakili wa Tanganyika, TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) kwa wanawake, au kitengo cha msaada wa sheria kwenye skuli ya sheria iliyo karibu nawe. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko kuhusu taasisi za umma bila malipo. Ipelekee mapema, kwa kuwa haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani. Malalamiko hayo nayo hayasimamishi miezi sita.

Siku ya kwanza kwa wakili, usije na maelezo ya mdomo tu. Njoo na bahasha moja kubwa: barua ya uamuzi na bahasha yake ya awali, wito, fomu ya tukio kama ulipewa nakala, barua zako zote zenye mhuri, picha za skrini zilizochapishwa, kanuni za mitihani, kitambulisho cha mwanafunzi, matokeo ya mihula iliyopita, na lile daftari la usiku wa kwanza. Zipange kwa tarehe, ya zamani juu. Kwenye jalada la bahasha andika kwa kalamu nene siku uliyopokea uamuzi, na chini yake siku ambayo miezi sita inaisha.